Kiti cha Mbele Kutoka Iringa

Njombe,
Jumamosi, alasiri

Tabita mwanangu,

Mambo ya sabuni, sweta na cheti cha ubatizo mama yako ameshakuambia, na kwa jinsi ninavyomjua atakuambia tena kesho mlangoni mwa basi, mbele za watu. Mimi siyagusi. Mmekwenda kwa shangazi yako kuaga, nyumba imebaki na kuku na mimi, na nimekaa mezani na daftari lako la zamani la hesabu ambalo lilikuwa na kurasa tupu mwishoni. Kumwandikia barua mtu ambaye atarudi kula chakula cha jioni hapahapa ni kichekesho, najua. Lakini kila nilipojaribu kukueleza jambo hili kwa mdomo nimeishia kuzungumzia viatu.

Siku ya kipaimara chako, kwa mfano. Nilikuita nyuma ya nyumba, nikakohoa weee, kisha nikakuuliza kama viatu vinabana. Ukasema havibani. Nikasema vizuri, nikarudi kwa wageni. Sikuwa nimekuita kwa habari ya viatu.

Nilikuita kwa habari ya safari ya pwani, ile ambayo hatuisimulii humu ndani. Naona aibu, mwanangu. Naliandika neno hilo mapema ili nisipate njia ya kulikwepa nikifika katikati ya barua.

Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa hapa mjini, na shule zilipofungwa mwezi wa Juni alinipa ruhusa niwachukue watu wangu nikipeleka viazi Dar es Salaam. Taniboi, msaidizi wangu wa garini, nilimwacha Njombe ili nafasi itoshe. Watu wa huku husafiri kwenda kwenye mkonge au kwenda kuzika. Sisi tulikwenda kutazama bahari tu, na majirani walituona wehu. Aliyetaka kuiona kuliko sote alikuwa bibi yako, mama yake mama yako. Wanaume wa kijijini kwake waliorudi kutoka mashamba ya mkonge walimsimulia kuhusu maji yasiyo na ng'ambo, tena yenye chumvi, naye aliwahesabu wote kuwa waongo. Chumvi, alisema, hutoka dukani.

Siku hizi mambo ya ukwe yamelegea, basi nikukumbushe yalivyokuwa kwetu. Mimi na mama mkwe wangu hatukuketi mkeka mmoja, hatukutazamana usoni, wala hatukusemezana moja kwa moja. Hata akiwa hatua tatu kutoka nilipo, maneno yake yalipitia kwako. "Tabita, mwambie baba yako gari linakimbia mno." Nilikuwa nimesikia kila neno, lakini nilingoja unifikishie, ndipo nijibu, "Mwambie bibi nitapunguza." Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wetu, na kazi hiyo uliifanya kwa mbwembwe, ukiigiza mpaka kukohoa kwake.

Wakati wa kwenda, yeye na mama yako walikaa nyuma kati ya magunia ya viazi, wamefunikwa turubai, wewe ukihamahama kati yao na mimi kila niliposimama. Kwenye mteremko wa Kitonga aliimba nyimbo za kanisani kwa Kibena, macho kafumba, na tulipofika chini salama akatangaza kwamba alikuwa anamsaidia dereva. Kila jioni nilifunga turubai ubavuni mwa lori, mama yako akasonga ugali, na bibi yako akaenda kutandika upande wa pili ili gari zima liwe ukuta kati yake na mimi. Kule Mikumi simba aliponguruma karibu, sauti ikatoka upande ule: "Tabita, muulize baba yako kama simba naye ana wakwe." Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na hata hapo nilingoja uniletee swali lenyewe ndipo nijibu kwamba hana.

Bahari tuliiona Msasani, baada ya kushusha mzigo. Ulimshika mkono bibi yako mkaingia mpaka maji yakawafika magotini. Akachovya kidole, akalamba, akatema. Akachovya tena. "Kumbe hawakudanganya," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kwa kijiji kizima. Kisha akataka kujua ni nani aliyeitia chumvi yote ile na alikuwa anapika nini. Mimi nilitamani kuoga, lakini sikuweza kuvua shati mbele ya mkwe, basi nilikwenda mbali sana ufukweni hata ikabidi mniite kwa kupiga sufuria chakula kilipoiva. Nazi ikatuvuruga matumbo sote. Sijawahi kuwa na siku mbili za furaha kama zile, na nilikunyang'anya hata hizo, maana ungepaswa kukua ukizisimulia nyumbani mwetu bila watu kunyamaza ghafla.

Kurudi, tulipakia mabati. Mama yako alikaa mbele nami, wewe na bibi yako nyuma, na joto la bondeni halikudai zaidi ya kanga. Tulipofika Iringa tukamkuta mama yako mdogo amejifungua siku ileile, hana mtu wa kumsaidia. Mama yako akaamua kubaki wiki moja. Bibi yako akachukua blanketi lake zito, akamfunika mjukuu wake mchanga, akabaki na lile jepesi. Mama yako alikuja mpaka dirishani kwangu.

"Baba Tabita, huko juu kuna baridi kali. Mama akizidiwa, mweke mbele. Tabita akae katikati yenu. Mtoto akiwa katikati hakuna ubaya, hata wazee hufanya hivyo."

"Nimesikia."

"Usiseme umesikia tu."

"Mama Tabita, nimekuambia nimesikia."

Tulikuwa hatujatoka mjini vizuri nilipopungiwa mkono na karani mmoja aliyefanya kazi bomani hapa Njombe. Koti jeusi, mkoba, gazeti kwapani. Nilikuwa nimeomba udereva wa boma mara tatu, na mara zote tatu sikujibiwa. Nikamfungulia mlango wa mbele kabla hajamaliza kunisalimia. Akasema, tukiwa bado hatujaingia hata gia ya tatu, kwamba dereva mmoja pale bomani anastaafu na kwamba neno lake kwa Bwana Shauri, mkuu wa boma, lina uzito. Tangu hapo sikumwona mtu mwingine garini isipokuwa yeye.

Baada ya Sao Hill ukungu ulianza kushuka, pamoja na yale manyunyu ya Juni ambayo hayalowanishi ardhi lakini yanaingia mpaka kwenye mifupa. Uligonga paa juu ya kichwa changu. Nikasimama. Ukashuka ukaja dirishani, nywele zako zimejaa vitone vya maji.

"Baba, bibi anasema anasikia baridi. Anatetemeka."

Nikakuambia, "Mwambie tumekaribia." Hatukuwa tumekaribia. Hata nusu ya njia tulikuwa hatujafika, na nilijua, maana barabara ile niliijua kwa kila shimo. Ukapanda tena. Nikaondoa gari taratibu kidogo, nikajiambia huo ndio msaada wangu.

Makambako tulifika jua likizama. Pale njia panda palikuwa na hoteli ndogo ya chai, na mimi na karani tukaingia tukakaa karibu na moto. Nikakupa kikombe cha chai umpelekee bibi yako. Nilifanya hivyo, usidhani nilimsahau kabisa. Lakini naliandika hili nikijua linanitetea kidogo sana. Ukarudi na kikombe kimejaa vilevile.

"Baba, mikono yake haishiki kikombe. Amesema nikuambie anaomba kukaa mbele."

Nataka uelewe ni nini kilichosemwa pale, kwa sababu mtoto wa miaka tisa hakuweza kukipima. Mama mkwe wangu, aliyelala upande wa pili wa lori na simba akinguruma, aliomba mwenyewe kukaa karibu nami. Alikuwa ameimeza haya yake yote. Mtu wa namna yake haombi hivyo kwa ajili ya baridi ya kawaida, na mimi, mkwe wake kwa miaka kumi na moja, nililijua hilo pale pale nikiwa na sambusa mkononi.

Nikacheka. Nikamgeukia karani, si wewe, nikasema, "Tangu lini mtu na mkwe wake wakakaa kiti kimoja? Kwetu hilo haliwezekani."

Karani akatikisa kichwa. "Ama kweli ninyi Wabena mna heshima," akasema. "Kwetu tumeshaiacha."

Nilifurahi, Tabita. Aliponisifia nilifurahi. Maneno ya mama yako kuhusu mtoto kukaa katikati nilikuwa nayo kichwani, safi kabisa, lakini kuyatii kungemaanisha kumwambia karani ahamie nyuma kwenye mabati na koti lake jeusi, na kazi ya boma iondoke naye. Ikawa rahisi kwangu kusema mila. Ulisimama kidogo ukiwa na kile kikombe, ukanitazama, kisha ukatoka.

Tulipofika Njombe nilikukuta umekaa na gauni tupu. Sweta lako ulikuwa umemfunga bibi yako shingoni, na umemkumbatia kwa mbele, na midomo yako ilikuwa na rangi ya jivu. Hakuweza kushuka. Nikapanda, nikamwinua, nikambeba mgongoni kutoka barabarani mpaka kitandani, kichwa chake kimelala begani kwangu. Nilimgusa mkwe wangu mwili mzima, na mila niliyoitaja Makambako haikunijia akilini hata kidogo. Alikuwa mwepesi sana.

Wauguzi wa misheni walifanya walivyoweza, lakini kichomi kilikuwa kimeshika pande zote mbili. Siku ya nne akafariki. Mama yako aliipata habari Iringa, akafika jioni ya mazishi na kumkuta mama yake ameshafukiwa. Hakulia mara moja. Aliketi kati ya wanawake, akauliza kwanza, kwa sauti ya kawaida tu, mambo aliyotaka kuyajua: alikula nini, alisema nini, nani alimfumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Kisha akanyanyua uso.

"Baridi yote ile, Baba Tabita. Hakuna aliyekuambia?"

"Sikuambiwa."

Ni neno moja tu. Nilikuwa sijalipanga. Lilitoka lenyewe, na lilipokwisha kutoka kila mtu mle ndani alijua ni nani aliyepaswa kuniambia, maana kila mtu alijua maneno ya bibi yako yalipitia wapi. Wakakugeukia. Ulikuwa umekaa karibu na jiko umeshika birika. Hukuwatazama wao, ulinitazama mimi, kama ulivyozoea njia nzima, ukingoja nikupe jibu la kupeleka. Nikatazama sakafu. Ukaweka birika chini, ukatoka nje.

Ulikuwa na miaka tisa na hukunikana. Mimi nilikuwa mtu mzima.

Mengine unayajua, umeyaishi. Mama yako si mkatili, lakini alipokasirika, maziwa yakimwagika au mbuzi akiingia shambani, ilikuwa: "Mdomo wako ulikuwa wapi?" Wengine walidhani ni msemo wake tu. Wewe na mimi tulijua anauliza habari ya siku gani. Nilikuwa nikilisikia swali hilo nainuka, natoka kwenda kufungua boneti ya gari lisilo na ubovu wowote. Na zile kalamu, ile kanga ya maua, lile sanduku la bati nililokuletea kutoka Mbeya, ambalo umeshalifungasha: watu walisema nakudekeza. Nilikuwa nakulipa ili uendelee kunyamaza, ingawa hukuwahi kudai kitu.

Kazi ya boma niliipata, kama unavyoona. Karani alitimiza ahadi yake, hana kosa, gari halikuwa lake wala mkwe hakuwa wake. Nilivaa kaki mpya kwa mara ya kwanza wiki ileile tuliyojenga kaburi. Mama yako ndiye aliyeifua na kuipiga pasi, na miaka yote hii ndiye anayeifua. Kila Jumatatu asubuhi ananipa shati ambalo limegharimu maisha ya mama yake, nami nasema asante.

Miaka yote hii nilidhani unanitunzia siri. Nilikuona msichana jasiri aliyeamua kumlinda baba yake, na kwa ujinga wangu nilijisikia vizuri kidogo kulindwa. Kisha mwezi uliopita tukaenda kwenye ule usaili wa chuo cha uuguzi. Sista aliyetoka Dar es Salaam akakuuliza kwa nini unataka uuguzi. Mimi nilikuwa kwenye benchi ukutani, kofia magotini.

"Nilipokuwa mtoto," ulimjibu, "bibi yangu aliniambia anasikia baridi, nikasahau kumwambia baba. Akafa. Nataka nijifunze kutosahau."

Ulisema kwa utulivu, bila chozi, kama mtu anayetaja kijiji alikozaliwa. Ndipo nilipotambua kwamba hukuwa umenitunzia siri yoyote. Ulikuwa umeniamini. Katika miaka hii tisa, mimi nikiwa nafungua boneti, wewe ulikuwa ukijiuliza swali lile la mama yako mpaka ukaacha kuyaamini macho yako mwenyewe, ukalishika neno langu, kwa sababu baba hawezi kusema uongo msibani. Sista aliandika jibu lako kwenye karatasi yake. Akakupa nafasi. Nikakupongeza, nikakununulia soda.

Hapo hata mimi sijui niandike nini, ila kwamba sijalala vizuri tangu siku hiyo na sikuhurumii kwa hilo, najihurumia mwenyewe, na hilo nalo ni aibu.

Hukusahau. Soma tena nilipoandika habari za Sao Hill na Makambako, usome mpaka uyaone. Ulishuka kwenye manyunyu ukaja dirishani. Ulirudi na kikombe. Ukamkinga mzee na baridi kwa sweta lako wakati mkwe wake anakula sambusa. Kama unakwenda kusomea uuguzi ili kulipa deni, huna deni, na nakuomba sana usiende kwa ajili hiyo. Nenda kwa sababu una mikono inayojua, nimeiona. Au usiende, ubaki, ukafundishe, uolewe, ufungue duka. Nitakwenda mwenyewe kumweleza yule Sista sababu.

Huko wodini utakutana na watu wa makabila yote na kila mmoja ana yake: huyu hatazamwi, yule haguswi na mwanamume, mwingine hatamki jina la mkwewe hata akiwa anakata roho. Usiwadharau. Nimeishi ndani ya heshima hizo na nyingi ni nzuri. Bibi yako alizibeba kwa uzuri kuliko mtu yeyote niliyemjua. Ila siku heshima itakapokurahisishia kazi, siku itakapokuwa inakuacha umekaa mahali ulipotaka kukaa, hapo jichunguze. Sina jingine la kukufundisha. Hili nalo nimelijua kwa gharama ya mtu mwingine.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya sanduku lako, katikati ya nguo, uikute Dar es Salaam mimi nikiwa mbali. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimeona ninachofanya: nakupandisha nyuma tena, wewe na mzigo wangu, mimi nikiwa mbele kwenye joto. Haitakuwa hivyo. Nitakupa mkononi leo.

Mama yako hajui kusoma, na hata angejua, hili halifai kumfikia kwa karatasi. Nitamwambia mwenyewe. Sijui atafanya nini. Anaweza kufungasha na kwenda kwa kaka zake, na hakuna mzee atakayemlaumu. Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba atakumbuka kila mara alipokuuliza mdomo wako ulikuwa wapi, na atakuwa na usiku mmoja tu wa kukuomba radhi kabla basi halijaondoka. Huo muda nao nimemwibia. Mpokee akikujia. Yeye alidanganywa kama wewe. Mimi usinisamehe kwa haraka ya safari. Mambo yangu yasubiri, hata miaka, na ukiona kesho nisije kukusindikiza, niambie nibaki nyumbani, nitabaki.

Nawaona dirishani, mnapanda kilima. Mama yako amebeba kikapu cha mayai ya shangazi yako na anakuonya kuhusu jambo fulani, naona kwa mkono wake. Mkiingia nitaanza na yeye, kabla hajatua kikapu, nisije nikapata kisingizio. Nitasema mtoto aliniambia baada ya Sao Hill, akaniambia tena Makambako, na mara zote mbili nilisikia.

Usitoke nje, Tabita. Safari hii baki ndani mpaka nimalize kusema.

Baba yako